Herufi Moja Damuni: Taarikhi ya Selimundu na Majina Yake

Kabla ya neno selimundu kuingia katika Kiswahili, watu wa mwambao hawakuwa na upungufu wa majina ya maradhi haya. Walikuwa nayo mengi kupita kiasi. Mtoto aliyepauka viganja na ulimi, akahema kwa hatua chache tu, alisemwa ana safura. Aliyetuna tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, alisemwa anaumwa bandama. Aliyekesha akilia kwa maumivu ya mifupa na maungo, khasa nyakati za kipupwe, alikuwa na baridi yabisi. Na yule aliyelala mzima akaamka mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, kinywa kimekwenda pembeni, huyo alisemwa amepigwa na upepo, na aliyeitwa kumtazama hakuwa tabibu bali mganga. Majina manne, na kila jina na dawa yake, na mara nyingine mgonjwa ni yule yule mmoja: la kwanza lilimpata hajaota meno yote, la mwisho likamkuta kabla hajakhitimu chuoni.

Majina hayo hayakuzuka ovyo. Safura ni neno la Kiarabu lenye asili ya rangi ya manjano. Katika utabibu wa zamani, ule uliotoka kwa Wayunani, ukapita kwa akina Ibn Sina, ukafika mwambao pamoja na vitabu na wasomi, safura ni nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne yaliyoaminiwa kuutawala mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Kila moja lilipewa tabia mbili. Damu ina joto na rutuba, balghamu ina baridi na rutuba, safura ina joto na yabisi, na sauda, ambayo makao yake ni bandama, ina baridi na yabisi. Kwa hiyo jina la baridi yabisi, ambalo leo hutamkwa bila ya mtu kujiuliza limetoka wapi, ni tabia mbili za sauda zilizoganda zikawa jina la maradhi. Neno safura lenyewe likahama kidogo kidogo kutoka kwenye nyongo likawa la upungufu wa damu, khasa ule unaoletwa na michango.

Hakuna sababu ya kuwacheka wazee kwa elimu hiyo. Umanjano waliouona machoni mwa mtoto ulikuwapo, na bandama waliyoipapasa chini ya ubavu ilikuwa imevimba kweli. Wala si kila mwenye safura alikuwa na selimundu. Wengi walikuwa na minyoo, kama vile bandama nyingi zilivimba kwa malaria. Ila kila kiungo kilihukumiwa peke yake, na mwenye viungo hivyo hakuulizwa baba na mama yake walimpa nini. Na hapo mwambao haukuwa nyuma ya ulimwengu. Hadi mwaka 1910 hapakuwa na daktari popote aliyeandika kwamba mambo hayo yote ni maradhi ya namna moja.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya ina umbo la kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole katikati. Ni laini, hujikunja ikapenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, na huishi takriban siku 120. Ndani yake imejaa himoglobini, kitu kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye nyama na mifupa. Mwenye selimundu ana himoglobini iliyotofautiana kidogo mno na ya wenzake, na tofauti hiyo haionekani maadamu imebeba oksijeni. Inapoitua mizigo yake ndipo vipande vyake vinaposhikana, kimoja nyuma ya kingine, vikajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huisukuma chembe kutoka ndani, ikarefuka na kupinda mfano wa mundu. Ikirudi mapafuni hujinyoosha, kisha hupinda tena, na baada ya kwenda na kurudi mara nyingi hubaki imepinda. Haiishi siku 120 tena, bali kumi mpaka ishirini. Uboto wa mifupa hufanya kazi usiku na mchana kutengeneza chembe mpya na hauwahi. Hiyo ndiyo safura. Rangi ya chembe zilizovunjika humwagika, macho yakawa ya manjano, na nyongo ikafanya vijiwe.

Lakini kufa mapema kwa chembe ni nusu tu ya msiba. Nusu ya pili ni ukaidi wake. Chembe ngumu, iliyopinda, hukwama katika mshipa mwembamba kama jahazi lililokwaa fungu katika mlango wa kijito, na yote yaliyo nyuma yake yakasimama. Sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizuizi hukosa damu, na kukosa damu ni maumivu ambayo waliowahi kuyapata huyalinganisha na mfupa kuvunjwa polepole. Maradhi haya hayana kiungo chao. Popote damu ipitapo yanaweza kutua, na ndiyo maana majina yake yalikuwa mengi.

Kwa mtoto mchanga hayaonekani. Miezi ya mwanzo hulindwa na himoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo haina kasoro hiyo. Daktari Janet Watson wa Brooklyn aliligundua jambo hili mwaka 1948. Himoglobini hiyo ikipungua, kuanzia mwezi wa sita hivi, mikono na miguu ya mtoto huvimba ghafla, vidole vikawa vinene na vyenye joto, na mtoto akikataa kuguswa. Aghalabu hiyo ndiyo salamu ya kwanza. Kisha inakuja zamu ya bandama.

Bandama ni chujio. Damu hupita humo taratibu, katika njia finyu zenye oksijeni kidogo, na hivyo hapana mahali pazuri zaidi kwa chembe kupinda na kukwama. Katika mwaka wa kwanza au wa pili huweza kuzuia damu nyingi kwa saa chache, ikavimba mpaka karibu na kitovu, na mtoto akafa kwa kuishiwa damu ilhali hakuna tone lililomwagika nje. Akiokoka, bandama huendelea kuziba kidogo kidogo, na afikapo miaka mitano kwa kawaida imekwisha kusinyaa na kubaki kovu. Hapo tumbo hutulia, na wazee hufurahi kwamba bandama imepona. Haikupona, imekufa. Na kwa kuwa kazi yake mojawapo ni kukamata vijidudu, mtoto hubaki kama nyumba isiyo na bawabu, na kijidudu kiletacho homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo huweza kumwua kwa siku moja.

Figo nazo zina kisa ambacho hakizungumzwi sana. Sehemu ya ndani ya figo ina chumvi nyingi na oksijeni haba, nayo hudhurika mapema. Figo hushindwa kuukusanya mkojo ukawa mzito. Mtoto hunywa maji mengi, hukojoa mengi, na hukojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Ni wangapi waliochapwa fimbo asubuhi, au waliotembezwa mitaani na godoro kichwani ili waone haya, kwa kosa la figo zao? Baadhi ya wakubwa wenye maradhi haya hufikia kushindwa kabisa kwa figo. Mapafu huziba kwa namna inayofanana na homa ya mapafu na ndiyo huua watu wazima wengi. Kichwa cha mfupa wa paja hufa ndani ya nyonga. Pazia la nyuma ya jicho huvuja damu. Ama ubongo, kabla ya njia za kinga kupatikana, watafiti wa Marekani waliona kwamba takriban 11 katika kila wagonjwa 100 walipatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Huo ndio upepo uliompiga mtoto usiku.

Aliyeyatoa maradhi haya katika giza la majina mengi alikuwa mtu wa kisiwani. Walter Clement Noel alizaliwa mwaka 1884 katika kisiwa cha Grenada, bahari ya Karibi, katika ukoo wenye mali. Mwezi wa Septemba 1904 alifika New York kwa meli, akiwa na kidonda kichungu kwenye kifundo cha mguu, akaendelea mpaka Chicago kusomea utabibu wa meno. Mwisho wa mwaka huo, katika baridi ambayo hakuizoea, alishikwa na kikohozi na homa, akalazwa hospitali. Daktari mwanafunzi, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe nyembamba zilizopinda, za aina ambayo hakuwahi kuiona. Alimwita mkubwa wake, James Herrick. Walimwangalia kijana huyo kwa takriban miaka miwili na nusu, na mwaka 1910 Herrick akatoa makala. Alieleza vidonda, umanjano, maumivu na umbo la chembe, na akakiri waziwazi kwamba hajui ni maradhi gani. Jina la mgonjwa hakulitaja. Alimweleza kwa rangi yake, umri wake na ukweli kwamba alikuwa na akili.

Noel alikhitimu mwaka 1907, akarudi Grenada, akafungua chumba cha meno katika mji wa St. George's. Alikufa mwaka 1916 kwa homa ya mapafu, umri wake miaka 32. Jina la anemia ya chembe-mundu lilibuniwa mwaka 1922 na Verne Mason, na kwa kuwa wagonjwa wanne wa mwanzo kuandikiwa makala walikuwa watu weusi, wengi katika Marekani wakayachukulia kuwa maradhi ya damu ya mtu mweusi. Baadaye yalipoonekana Ugiriki, Sicily, Bara Arabu na milima ya kusini ya India, kwanza walitafutiwa wagonjwa hao babu mweusi. Ni vigumu kuamua lipi lilikuwa kubwa zaidi hapo, elimu au chuki.

Kwa upande wa Afrika, kosa lilikuwa la kinyume. Katika miaka ya 1940 madaktari wa kikoloni walipopima damu waligundua kwamba wenye chembe za kupinda ni wengi mno. Lehmann na Raper, mwaka 1949, waliwakuta 45 katika kila watu 100 miongoni mwa Waamba wa magharibi ya Uganda. Ila wagonjwa wenyewe hawakuwaona. Wodini walikuwamo wachache tu. Basi ikasemwa kwamba Mwafrika anabeba alama lakini haumwi, na wapo waliofika kuandika kwamba huenda ni kuchanganyika na damu ya Mzungu kulikoyafanya maradhi yalipuke Marekani. Jibu lilikuwa karibu kuliko walivyofikiri. Trowell na Raper kule Kampala, na mume na mke Lambotte-Legrand mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walipotazama watoto wadogo badala ya watu wazima waliwakuta wagonjwa tele. Hawakuwa wodini za wakubwa kwa sababu hawakuwahi kukua. Walikuwa makaburini, wamezikwa kwa majina ya malaria, safura na degedege.

Waliowazika walikuwa wakijua kwamba kuna jambo linalokwenda na ukoo. Daktari Konotey-Ahulu wa Ghana alionyesha kwamba makabila ya huko yalikuwa na majina mahususi ya maradhi haya kabla ya Herrick kuzaliwa. Waga huyaita chwechweechwe, neno ambalo hata asiyelijua akilisikia hudhani ni meno yanayosagana kwa maumivu. Yeye mwenyewe aliyafuatilia katika ukoo wake, kizazi hadi kizazi, mpaka mwaka 1670. Huko Nigeria baadhi ya wasomi wamewahusisha watoto hawa na wale waliosadikiwa kufa na kuzaliwa upya ili kuwatesa mama zao. Mwambao una majina ya watu kama Tabu, Mashaka na Shida, lakini hayo hutolewa kwa sababu nyingi na si haki kuyafanya ushahidi.

Lililo hakika ni kwamba katika nyumba nyingi, za mwambao na za mbali na mwambao, mama ndiye aliyeulizwa. Akizika wa kwanza alipewa pole. Akizika wa tatu aliangaliwa kwa jicho jingine. Ilisemwa ana jini, ilisemwa maziwa yake mabaya, ilisemwa kwao hakukuwa na heri, na mume akashauriwa aoe kwingine. Mwaka 1949 habari hii ilipaswa kukoma. Katika mwaka huo mmoja James Neel huko Michigan na E. A. Beet, daktari aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo, kila mmoja kwa njia yake walithibitisha kwamba mgonjwa ni yule aliyerithi alama kutoka pande zote mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye alama moja ni mzima, huishi umri wake wote na huenda asijue kamwe kuwa anayo. Wazima wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuleta mgonjwa, robo ya kuleta asiye na alama yoyote, na nusu ya kuleta mzima mwenye alama kama wazazi wake. Kila mimba hupiga bahati yake upya, ndiyo sababu nyumba moja huzika watatu mfululizo na jirani yake mwenye damu ile ile asizike hata mmoja. Hapana hata mtoto mmoja mwenye selimundu aliyeipata kwa mama peke yake. Elimu hii ina umri wa zaidi ya miaka 70, na bado ipo mitaa ambayo haijaifikia.

Ndoa za mabinamu, ambazo mwambao na Uarabuni zimeheshimiwa tangu kale, hazizalishi alama hii. Huongeza tu uwezekano wa wawili wanaoibeba kukutana, pale inapokuwamo ukooni. Saudi Arabia na Bahrain ziliweka sharti la kupima damu kabla ya nikahi mwaka 2004. Uamuzi wa kuoana au kutooana uliachwa kwa wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1949 kijana wa miaka 24, Anthony Allison, alizunguka Kenya akichukua damu. Alizaliwa Afrika Kusini, akalelewa katika shamba la wazazi wake Bonde la Ufa, na alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford. Alitaka kujua udugu wa makabila kwa njia ya makundi ya damu, na pamoja na hayo akapima chembe za kupinda. Matokeo yake hayakufuata udugu wa makabila hata kidogo. Watu wa mwambao na watu wa kando ya Ziwa Viktoria, ambao lugha na asili zao ni mbali, walikuwa na alama kwa kiasi cha zaidi ya 20 katika 100. Watu wa nyanda za juu, hata wale wenye udugu na watu wa pwani, walikuwa nayo kwa nadra. Kilichowaunganisha watu wa pwani na wa ziwani si nasaba. Ni mbu.

Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: kama alama inaua watoto wanaoirithi mara mbili, kwa nini haijaisha yenyewe kwa karne nyingi? Dhana yake ilikuwa kwamba inalipa kwa upande mwingine; mwenye alama moja hulindwa na malaria. Mwaka 1953 alirudi kuthibitisha. Katika watoto 290 wa Buganda aliowapima, wenye alama walikuwa 43, na 12 kati yao walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya wale 247 wasio nayo, walikuwa 113. Kisha akachukua wanaume 30 Wajaluo waliojitolea, nusu wana alama na nusu hawana, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Katika 15 wasio na alama waliugua 14. Katika 15 wenye alama waliugua wawili. Hesabu hiyo imewekwa katika vitabu vya kufundishia duniani kote. Leo hii jopo la maadili lingemwuliza mambo mengi kabla ya kumruhusu, na si vibaya msomaji akamwuliza pia.

Nusu karne baadaye, watafiti wa Kilifi walipima tena jambo hilo kwa watoto wa pwani. Mwaka 2005 walitoa matokeo: alama moja hupunguza malaria ya kawaida kwa nusu, na malaria kali inayoua kwa karibu asilimia 90. Hivyo kila mzee wa mwambao aliyefikia uzee bila ya kuuliwa na homa utotoni, huenda anadaiwa. Damu iliyomwokoa yeye ndiyo iliyomwua ndugu yake.

Alama yenyewe ni nini? Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini, na hiyo ikawa mara ya kwanza maradhi kufungwa na kitu kimoja kilichopinda katika umbile lake. Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alikwenda mbali zaidi mnamo 1956 na 1957. Himoglobini ina minyororo ya namna mbili. Ule unaohusika una pete 146, na Ingram aligundua kwamba pete 145 ni sawa kwa mgonjwa na kwa mzima. Ya sita ndiyo iliyobadilika. Katika maandishi ya urithi yanayoamuru pete hiyo, kosa ni la herufi moja. Wapenzi wa tungo hawatahitaji kuelezwa sana. Katika neno sauti ukiondoa herufi ya kwanza ukaweka jirani yake mmoja wa midomo, mizani haipungui, vina havigongani, msomaji wa haraka hapati kikwazo, na neno limekuwa mauti.

Kama nakala za utenzi zinavyoweza kupangwa kwa makosa ya wanukuzi, ikajulikana ipi ilinakiliwa kutoka ipi, ndivyo wataalamu walivyofanya katika miaka ya 1980 kwa maandishi yanayoizunguka herufi hiyo. Walipata nasaba tano, wakazipa majina ya mahali na watu: Senegal, Benin, Kameruni, Kibantu, na Arabu-Hindi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kosa lilizuka mara tano. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walitoa hoja kwamba lilizuka mara moja tu, kwa mtoto mmoja, takriban miaka 7,300 iliyopita, kisha likasafiri.

Safari hizo hazikuacha bahari ya hapa. Nchini Oman takriban watu 6 katika kila 100 wanaibeba herufi hii, na wagonjwa wa huko walipopimwa walikutwa na nasaba tatu pamoja: ile ya Arabu-Hindi, ile ya Benin, na ile ya Kibantu. Ya Kibantu ndiyo ya mwambao huu na bara lake. Msimu wa kaskazi na kusi ulibeba pembe, karafuu, wafanyabiashara, wake, watumwa na watoto wao, na daftari za forodha ziliandika baadhi ya hayo. Damu iliandika yote, bila ya kutofautisha nani alipanda chomboni kwa hiari yake na nani alifungwa. Familia ambazo zina shajara ya nasaba yenye majina ya upande mmoja tu huenda zikasoma jina la upande wa pili katika karatasi ya maabara.

Kwa wagonjwa, elimu hii yote ilichelewa kuwa dawa. Kufikia mwaka 1957 selimundu yalikuwa maradhi ya kurithi yanayofahamika vizuri kuliko yote duniani, na mtoto wa Pemba au Lamu alikuwa akifa vile vile alivyokufa babu yake. Mafanikio ya mwanzo yalipatikana kisiwani tena, Jamaica, ambako Graham Serjeant na wenzake walianza mwaka 1973 kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Walichokifanya hakikuhitaji mtambo. Waliwafundisha mama kuipapasa bandama ya mtoto kila siku, chini ya mbavu za kushoto, na kumkimbiza hospitali ikivimba. Vifo vya bandama vikapungua sana. Mwaka 1986 ilithibitishwa Marekani kwamba penisilini ya kila siku huzuia maambukizo mengi yanayowaua watoto waliopoteza bandama. Dawa iitwayo haidroksiyurea, inayoamsha tena himoglobini ya tumboni, ilithibitishwa kwa wakubwa mwaka 1995.

Afrika iliambiwa ingoje, kwa hoja kwamba dawa hiyo huenda ikawadhuru watoto wenye malaria na utapiamlo. Utafiti ukafanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, na matokeo yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, haja ya kuongezwa damu ilipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Miaka 24 ilikuwa imepita. Mjini Dar es Salaam, Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wake kwa maelfu chini ya uongozi wa Julie Makani, katika nchi inayokadiriwa kuzaa watoto 11,000 wa namna hii kila mwaka. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuzihariri jeni za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Visiwani Unguja na Pemba malaria imepungua mno tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa vyandarua, kupuliza dawa na tiba mpya, hata vijidudu vikapatikana kwa chini ya mtu mmoja katika 100. Malaria iliyoifanya herufi ile iwe na faida imeondoka karibu yote, herufi imebaki. Itapungua yenyewe, lakini kwa mwendo wa vizazi, na watoto watakaozaliwa nayo katika vizazi hivyo ni wengi.

Jina la Walter Clement Noel lilijulikana mwaka 1989, baada ya mwanataarikhi Todd Savitt na daktari Morton Goldberg kufukua kumbukumbu za Chicago na Grenada. Amezikwa Sauteurs, kaskazini mwa kisiwa chake. Wale waliotoa damu kwa Allison pwani ya Kenya wamo katika majedwali yake: kabila, idadi ya waliopimwa, asilimia.